Stoku ya vitenge imejaa, mabegi yanalegea na blanketi linajikunja: ninunue cherehani kubwa?

"Shikamoo mama. Naishi Tabata, nashonea nyumbani kwa cherehani ndogo ya umeme ile ya mezani. Nina vitambaa vingi mno, vitenge vya sare za harusi na kicheni pati, khanga, vipande ninavyopewa na fundi jirani, shuka za mtumba, na khanga chache za marehemu bibi. Nimeanza kushona mabegi ya sokoni na ya laptopu. Yakiwa mapya yanasimama vizuri kabisa ila mteja akifua mara moja tu linalegea kama tambara, na moja wekundu wa khanga umehamia kwenye bitana nyeupe wakati hiyo khanga niliiloweka kwenye chumvi usiku kucha. Kwenye mikono ya begi sindano inakatika au inaruka mishono. Nikajaribu na blanketi la viraka la kitanda cha futi nne kwa sita, kona hazikukutana, nikaweka sponji jembamba katikati, nilipolishona likajikunja lote kwa chini. Rafiki yangu anasema tatizo ni cherehani, niuze hii niongezee hela ninunue ile kubwa ya kiwandani. Akiba yangu ni ndogo. Nifanyeje, na hivi vitu vya stoku kweli vinauzika?"

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya majibu umeshanipa mwenyewe bila kujua. Una matatizo manne hapo, begi kulegea, rangi kuhama, sindano kukatika na blanketi kujikunja, na rafiki yako yote manne kayabebesha cherehani. Mi naona mengi ya hayo yanaanza kabla hujakaa kwenye cherehani kabisa, yanaanza pale unapofungua kabati, unachagua vitambaa kwa kuangalia rangi zinazopendezana alafu unashika mkasi. Kwa hiyo hiyo akiba iache kwanza ilipo, tutarudi kwenye habari ya cherehani ya kiwandani baadae.

Elewa kwanza stoku, yani hivyo vitambaa ulivyojikusanyia nyumbani, ni nini. Mtu akienda Kariakoo akanunua pisi moja ya kitenge, yadi sita, akashona begi lote humo, kitambaa chake chote ni kimoja, kikirudi kinarudi chote, kikichuja kinachuja chote. Wewe kwenye begi moja una kitenge cha harusi ya 2019 ambacho hakijawahi kuona maji, khanga iliyofuliwa mara mia, kipande cha fundi ambacho hujui kimetoka wapi na shuka la mtumba lililokwisha kufuliwa na watu Ulaya huko. Kila kimoja kina tabia yake na we umewafunga pamoja kwa uzi mmoja. Wakiingia kwenye maji ndo kila mmoja anaonyesha alikotoka.

Tabia ya kwanza ni je ni pamba au ni poliesta. Dukani vyote vinaitwa kitenge na vyote vinang'aa, na sare nyingi za harusi siku hizi ni poliesta au mchanganyiko kwa sababu ya bei. Kujua ni rahisi, chomoa nyuzi kadhaa pembeni, zishike kwa kibanio (sio vidole tafadhali), juu ya beseni la maji, washa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanukia karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanasagika. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko unafanya vyote viwili, unawaka alafu unaacha vipunje vigumu. Fanya hivyo kwa kila kitambaa usichokijua, kisha andika kwenye kipande cha masking tepu ukibandike, maana baada ya wiki mbili utakuwa umesahau na utachoma tena.

Tabia ya pili ndo iliyokuangushia mabegi. Kitenge cha pamba kikitoka kiwandani kina wanga na vitu vingine vya kukifanya kisimame, ndo maana dukani ukikigusa kinafanya krrr kama karatasi mpya. Huo ugumu sio wa kitambaa, ni wa kupakwa. Ukishona begi na kitenge ambacho hakijafuliwa linasimama lenyewe, unajisifu, unapiga picha unaweka status, mteja anafua, wanga unaondoka na maji na kinachobaki ni kitambaa chenyewe ambacho siku zote kilikuwa laini. Kwa hiyo begi lako halikuharibika kwa kufuliwa, lilikuwa laini tangu mwanzo ila wanga ulilishikilia.

Alafu kuna kurudi. Pamba wakati wa kufumwa na kumaliziwa kiwandani inavutwa kwa mashine, nyuzi zinakaa zimenyooka kwa nguvu. Ikilowa nyuzi zinavimba, ule mvuto unaachia, kitambaa kinajirudisha. Kitenge cha pamba kinaweza kurudi asilimia tatu, nne, tano, vingine vibovu hata zaidi, na mara nyingi kinarudi zaidi kwa urefu kuliko upana. Asilimia nne kwenye yadi moja ni karibu inchi moja na nusu. Sasa hebu fikiria kitenge hicho kimeshonwa na bitana ya poliesta ambayo hairudi kabisa, nje kumekuwa kufupi, ndani kumebaki kurefu, bitana inavimba ndani kama ina upepo na mishono yote inajikunja. Hakuna cherehani duniani ya kuzuia hilo.

Dawa ni moja tu na haina njia ya mkato, kila kitambaa kinachoingia ndani ya nyumba kinafuliwa kabla hakijaingia kabatini. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, kausha, piga pasi, kunja. Ukifanya wakati kinaingia hutakuwa na kazi ya kufua mlima mzima siku una oda. Na kianike kikauke kabisa kabisa, kwa joto na unyevu huu wa Dar ukikunja kitambaa chenye ubichi kidogo ukakifungia kwenye mfuko wa nailoni, hasa masika, kitaota ukungu na yale madoa meusi hayatoki. Vile vipande vidogo vya fundi viweke kwenye mfuko wa neti au foronya uifunge mdomo ndo ufue, la sivyo vitachanika nyuzi pembeni vyote vigeuke mpira.

Sasa hili la chumvi. Najua tumelelewa nalo wengi, khanga mpya inalowekwa kwenye maji ya chumvi ishike rangi, wengine siki. Mwanangu, chumvi ina kazi wakati wa kupaka rangi, pale kwenye pipa la rangi, inasaidia rangi iende kwenye nyuzi za pamba badala ya kubaki kwenye maji. Kitambaa kikishatoka huko, chumvi yako ya jikoni haiwezi kurudi kuifunga rangi. Siki nayo ina uhusiano na rangi za sufu na hariri, kwa pamba ni kupoteza siki tu. Kinachochuja kwenye khanga yako ni rangi ya ziada ambayo haikushika tangu mwanzo, imekaa tu juu ya nyuzi, na namna ya kuimaliza ni kuitoa. Yani fua khanga peke yake kwenye maji mengi ya moto kiasi, na sabuni, suuza, rudia mpaka maji yawe meupe. Usiloweke usiku kucha kwenye beseni dogo, maana rangi inatoka hapa inaganda pale kwenye sehemu nyeupe ya khanga hiyo hiyo. Ukidhani imeisha, weka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake upige pasi ya moto, ukiinua cheupe kikiwa kimeshika wekundu bado haijaisha. Na kuna khanga nyekundu na nyeusi ambazo hata ukifua mpaka kesho zinatoa kidogo kidogo, hizo usigombane nazo, zishone na bitana ya rangi ya kufanana au nyeusi. Bitana nyeupe kwenye begi la sokoni mi sijawahi kuielewa hata hivyo, nyanya moja ikipasuka kazi imekwisha.

Ukishafua, sa begi litasimamaje? Kwa kuwekewa kitu cha kulisimamisha ndani. Wengi wanakimbilia kuongeza kitambaa juu ya kitambaa, vinne, vitano, matokeo yake begi zito, bado limelegea, na sindano zinaisha. Nunua kile kitambaa chenye gundi upande mmoja kinachogandishwa kwa pasi, ambacho mafundi wanaweka kwenye kola, dukani Kariakoo ukisema unataka cha kola lakini kinene watakuelewa. Kigandishe kwenye kitenge kilichokwisha fuliwa, hapa ndo watu wanakosea, gundi haishiki vizuri kwenye kitambaa chenye wanga, inashika kwenye wanga, wanga ukiondoka kinatoa mapovu. Na pasi usiisugue, unaibonyeza sehemu moja, unahesabu taratibu mpaka kumi na kitu, unainua, unahamia sehemu nyingine, alafu unaliacha lipoe kabla hujaligusa.

Kama bajeti haipo, kuna njia ya bure. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila nyumba Dar ina rundo la ile mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa. Ikikatika mikono usitupe, ile ni tabaka zuri tu la katikati kwa begi la sokoni, na gunia la salfeti lililosafishwa pia. Ila hivyo ni plastiki, usivipige pasi vitayeyuka na kuharibu pasi yako, vishike kwa kushona pembeni tu. Jinzi za mtumba nazo ni mali, kata miguu, tumia kama kitako cha begi na kitenge kikae juu. Na sponji lako lile jembamba lililokutesa kwenye blanketi, mahali pake ni kwenye begi la laptopu, huko linakinga kweli.

Angalia na mwelekeo wa nyuzi kabla hujakata. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda na urefu wa pisi na zinazokatiza. Ukikivuta kwa urefu hakikupi kitu, ukikatiza kinatoa kidogo, ukivuta mshazari kinanyooka kama mpira. Vipande vya fundi vimetoka kwenye mikono ya magauni na shingo, havina pindo la kiwandani la kukuonyesha, kwa hiyo vivute mwenyewe ujue. Mkono wa begi uliokatwa mshazari utarefuka, mteja akibeba nazi mbili na kilo tatu za vitunguu begi linaburuza chini. Mikono kata kwa urefu wa nyuzi, siku zote.

Tuje kwenye sindano. Hebu hesabu tabaka pale mkono unapoungana na begi. Mkono umekunjwa mara nne, kitenge cha nje kimekunjwa mara mbili mdomoni, bitana mbili, na cha kugandisha kati yake, hapo tayari ni tabaka tisa au kumi, na we una sindano ya namba 11 iliyokuja na cherehani, ya kushonea blauzi. Kinachotokea ni hivi, sindano ikishuka mpaka chini kabisa ikaanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya sindano, na ile ndoano inayozunguka chini inapita kukidaka. Nafasi ni ndogo sana. Sindano nyembamba ikikutana na mlima wa kitambaa inapinda hata kidogo tu, ndoano inapita patupu, mshono umeruka. Ikipinda zaidi inagonga bati, inakatika. Kwa hiyo kuruka mishono na kukatika sindano ni ugonjwa mmoja katika hatua mbili.

Tumia namba 14 kwa mwili wa begi, 16 kwenye mikono, na ukipata sindano za jinzi chukua hizo. Kwa cherehani nyingi za mezani upande bapa wa sindano unaangalia nyuma, isukume mpaka juu kabisa kabla hujakaza. Badilisha sindano kila baada ya saa nane hivi za kushona, usisubiri ikatike, sindano butu inatoboa kwa kelele, utaisikia inafanya tak tak. Alafu punguza mlima wenyewe, kata pindo za ndani kwa ngazi, moja fupi moja ndefu, zisiishie pamoja, kisha weka kitambaa juu ya mshono uugonge na nyundo ulale, ndivyo wanavyofanya mafundi viatu na hawalalamiki. Ukifika kwenye kilima, ule mguu wa cherehani mbele unainuka na nyuma unaning'inia, unateleza, weka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma yake ukae sawa. Na hapo usikanyage pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, mishono sita saba tu ya kuvuka. Mkanda wa begi uliofumwa tayari nao ni rahisi sana kuliko kukunja kitenge mara nne, ukiwa na oda nyingi nunua roli.

Uzi pia. Kama una nyuzi za urithi kwenye kopo la biskuti, kata kipande, kivute kwa mikono miwili, kikikatika kirahisi bila kukuumiza vidole hicho ni cha kupigia bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda.

Sasa blanketi, hapa ndo penyewe. Tuanze na kona. Kitanda cha nne kwa sita ni inchi 48 kwa 72. Kata viraka vya inchi 8 kwa 8, ukishona kwa robo inchi kila upande kinabaki inchi 7 na nusu. Viraka 8 kwa upana vinakupa inchi 60, viraka 11 kwa urefu vinakupa 82 na nusu, jumla viraka 88, linaning'inia vizuri pembeni. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinatoa viraka 20 kwa yadi moja kwa hiyo juu yote ni kama yadi nne na nusu tu za stoku. Lakini ile robo inchi ikiwa robo na nusu yake, yani umepitiliza kwa kiasi ambacho jicho halioni haraka, kila kiraka kinapungua robo inchi na mstari wa viraka 8 unapungua inchi mbili nzima. Mstari mmoja ukishona ukiwa na haraka na mwingine ukiwa umetulia kona zitakutania wapi? Bandika tepu kwenye bati la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, uifuate hiyo, usifuate ukingo wa mguu. Na kiraka kata kwa karatasi ngumu ya boksi uliyopima mara moja, usitumie kiraka kilichotangulia kukatia kinachofuata maana kosa linazaana.

Poliesta usichanganye na pamba kwenye blanketi moja. Tenga pamba yako yote iliyofuliwa, ndo ya blanketi. Poliesta itumie kwenye mabegi, vipochi na bitana, huko haina shida mradi pamba inayoshonwa nayo imeshafuliwa.

Kujikunja kwa chini kunatokana na meno ya cherehani. Meno yako chini, yanavuta tabaka la chini, tabaka la juu linabanwa na mguu linabaki nyuma kidogo kidogo, ukifika mwisho wa mstari la chini limeshatangulia. Vitambaa viwili vyembamba huoni tofauti. Ukiweka sponji katikati, ambalo linabonyea na kukwama, tofauti inakuwa kubwa na inageuka mikunjo. Kuna mguu maalumu wenye meno ya juu unaovuta tabaka zote pamoja, unauzwa, hakikisha tu unalingana na cherehani yako kabla ya kulipa. Bila huo, tandaza kitambaa cha chini sakafuni ukibandike na tepu kimenyooka, weka la katikati, weka la juu, piga bandi kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, mistari iliyoachana kama kiganja. Legeza kidogo mbano wa mguu kama cherehani yako ina kitufe hicho, refusha mshono, na shona kuanzia katikati ya blanketi kwenda nje, kamwe usianzie pembeni.

Au usilishone kwa cherehani kabisa. Uzi mnene wa pamba, sindano ya mkono, unatoboa tabaka zote kila baada ya inchi nne, unafunga fundo juu, unakata. Jioni mbili tatu unaangalia tamthilia unafunga mafundo, blanketi limekwisha na halina mkunjo hata mmoja. Kwa cherehani ya mezani, blanketi la kitanda kizima kulipitisha kwenye ile nafasi ndogo chini ya mkono ni mieleka, wala sikushauri uanze na huko.

Na nikuulize kitu, nani Dar es Salaam analala na blanketi la sponji? Sponji halipitishi hewa, linahifadhi joto na jasho, na ukilifua msimu wa mvua litakaa kwenye kamba siku tatu linanuka. Wanaoweka pamba nene katikati wanaishi kwenye baridi. Kwa mteja wa Njombe au Lushoto sawa, weka blanketi jepesi la mtumba katikati. Kwa hapa weka shuka kuukuu la pamba, basi, au usiweke kitu kabisa. India kwenye jimbo la Karnataka kuna watu wanaitwa Siddi, asili yao ni Afrika, wamo ambao mababu zao walitoka pwani yetu hii ya mashariki wakavushwa bahari enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona kwa mkono blanketi za nguo kuukuu zinaitwa kawandi. Wanatandaza sari iwe chini, wanaanza pembeni kupanga vipande na kushona mishono ya kufuatana, wanazunguka wakielekea katikati mpaka nafasi iishe, na kwenye kona wanabandika vipembe vya kitambaa kilichokunjwa. Nyingi hazina pamba ndani, unene unatokana na vipande kupandiana. Hakuna kupima robo inchi, hakuna kona za kukutana, vipande vya saizi yoyote vinaingia. Kwa rundo la fundi jirani yako na joto la Tabata mi nakwambia anzia huko, tena khanga moja nzima iwe ndo tabaka la chini.

Khanga za bibi usizitie kwenye begi, nakusihi. Khanga iliyovaliwa miaka mingi imechakaa nyuzi, inua juu ya dirisha uone mwanga unavyopita. Kwenye begi itapasuka mwezi wa kwanza. Iweke kwenye blanketi, na kila kiraka chake kishonewe kwanza juu ya kipande chembamba cha pamba kama shuka au popolini kikibebe. Na khanga yoyote unapokata angalia jina linaishia wapi. Mtu akikata "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" pabaya begi linatembea mjini limeandikwa "ndiye kumbe", watu watauliza kumbe nini. Ama jina lote litokee au lisitokee kabisa.

Haya, cherehani ya kiwandani. Rafiki yako hajakosea kwamba ina nguvu, mota yake haiwezi kulinganishwa na hiyo ya mezani. Lakini nguvu yake imetengenezwa kwa ajili ya spidi, mtu ameketi anashona mshono mmoja ule ule kutwa nzima. Haihamishiki, ina meza yake, inakula oili, na inakula umeme wa LUKU. Kitenge chenye wanga kitarudi vile vile ukikishonea humo, rangi itahama vile vile, blanketi la sponji litajikunja vile vile ila kwa haraka zaidi. Ukifikia hatua ya kushona mabegi ya jinzi au turubai kila siku, oda zinakupita, hapo tuongee. Kama mikono inatamani chuma zaidi, mi ningekushauri utafute ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu iliyotumika, kina Butterfly na Singer za zamani. Inashona mshono ulionyooka tu lakini inapita kwenye jinzi bila kulalamika, unaiendesha polepole unavyotaka, haijali umeme ukikatika, na karibu kila mtaa una fundi anayeijua. Hiyo yako ndogo usiiuze, ibaki ya zigizaga na kazi nyepesi.

Kuuzika, vinauzika, ila kwa masharti. Kosa kubwa la watu wa stoku ni kuona kitambaa ni cha bure kwa hiyo bei inakuwa ya uzi na nauli. Kipigie bei ya kukinunua leo Kariakoo, maana stoku ikiisha na mteja akirudi utakinunua kwa bei hiyo hiyo. Hesabu na saa zako. Begi la sokoni ukilifanya kwa mpangilio, unakata matano kwa pamoja, unagandisha matano, unashona mikono yote, linalipa. Blanketi ni habari nyingine, linakula siku nyingi, mteja wa kawaida atalilinganisha na blanketi la dukani na hutapona hapo, kwa hiyo blanketi fanya kwa oda, zawadi za watoto wachanga ambazo ni ndogo, au mtu anayekuletea vitambaa vyake vya kumbukumbu. Wala usiogope kazi isiyonyooka kama mraba wa hesabu. Wanawake weusi wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walishona blanketi za nguo za kazi zilizochakaa, mistari imepinda na rangi hazijalingana, na mwaka 2002 zilitundikwa ukutani kwenye jumba la sanaa la Whitney Museum, New York. Lakini mkono wa begi wenyewe lazima ushike, huo hauna sanaa. Kabla hujauza dizaini mpya fua begi moja mara tatu, lijaze vitu vizito, litundike msumarini usiku mzima ulione asubuhi.

Ukishabadilisha sindano, uzi na kupunguza tabaka na bado inaruka mishono hata kwenye tabaka mbili tu za kitenge, hapo ni cherehani kweli, sindano na ndoano hazikutani kwa wakati, na hiyo usifungue mwenyewe, peleka kwa fundi. Vile vile ukisikia harufu ya kuungua kwenye mota, au pedali inapata moto sana, au ukigusa chuma unahisi umeme unakutekenya, chomoa waya hapo hapo usishone tena mpaka iangaliwe, na watoto wasiikaribie. Sindano ikikatikia kidoleni usichokonoe, nenda kituo cha afya watoe na wakuulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kama shida ni mkono wa kukatia na kupima unataka mtu akushike, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe wana mafunzo ya ushonaji, au muombe huyo fundi jirani anayekupa vipande ukae naye Jumamosi chache, huyo ndo ungeanza naye.

Na siku ukienda kwa fundi cherehani usiende na mashine peke yake. Beba na kipande cha mkono wa begi linalokusumbua, tabaka zote kama zilivyo, na uzi wako na sindano yako, umwambie ashone hicho mbele yako. Akijaribia kwenye kitambaa chake chepesi atakwambia mashine nzima, utalipa, na utarudi nyumbani na tatizo lako lile lile.